Homa Iliyosemekana Hupona Yenyewe: Historia ya Kutambuliwa kwa Uvimbe wa Ateri za Moyo katika Ugonjwa wa Kawasaki, 1961–2020

1. Utangulizi

Ugonjwa wa Kawasaki ni homa kali ya utotoni inayoandamana na uvimbe wa mishipa ya damu, hususan ateri zinazoulisha moyo wenyewe. Wengi wa wanaougua ni watoto wa umri wa chini ya miaka mitano. Homa hudumu siku tano au zaidi. Macho huwa mekundu bila kutoa tongotongo. Midomo hukauka na kupasuka. Ulimi huwa mwekundu wenye vijipele. Ngozi hutoka harara. Viganja na nyayo huvimba. Tezi za shingoni hutokeza. Baadaye ngozi ya ncha za vidole hubambuka. Dalili hizi zote huondoka zenyewe baada ya wiki chache, hata pasipo tiba. Hata hivyo, miongoni mwa watoto wasiotibiwa, asilimia 15 hadi 25 hubaki na madhara katika ateri za moyo. Ukuta wa ateri hudhoofika na kututumka, damu huweza kuganda ndani ya mtutumko huo, na mtoto aliyekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima huweza kufa ghafla.

Masimulizi ya kawaida kuhusu ugonjwa huu humweka mbele Daktari Tomisaku Kawasaki wa Tokyo, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2020, kama mgunduzi aliyeona yale ambayo wenzake hawakuyaona. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaficha jambo moja la msingi. Maelezo yaliyochapishwa na Kawasaki mwaka 1967 yalikuwa sahihi kuhusu dalili na yalikosea kuhusu hatima: yaliuelezea ugonjwa kuwa hujiishia wenyewe bila kuacha madhara. Ilichukua miaka kadhaa, na vifo vya watoto, kabla ya dalili zilizoonekana kitandani kuunganishwa na ateri zilizoonekana kwenye meza ya uchunguzi wa maiti.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ugonjwa wa Kawasaki, kama unavyofahamika leo, haukugunduliwa kwa tukio moja. Ulitokana na kukutana kwa taaluma mbili zilizokuwa zikitazama vitu tofauti: tiba ya watoto, iliyotazama ngozi na macho ya walio hai, na patholojia, iliyotazama ateri za waliokufa. Kuchelewa kukutana huko kuliacha alama katika ufafanuzi wa ugonjwa, na alama hiyo haijafutika hadi sasa. Mjadala unategemea ripoti za kitabibu zilizochapishwa tangu miaka ya 1960 pamoja na kazi ya kihistoria ya Burns na wenzake (2000), ambayo ndiyo iliyoweka bayana kwa mara ya kwanza mpangilio wa matukio ya Japani na Hawaii.

2. Ateri zisizo na homa: kabla ya 1961

Ateri zilizoharibika zilijulikana kabla ya homa yenyewe kujulikana. Mwaka 1866 Adolf Kussmaul na Rudolf Maier walieleza ugonjwa ambao ndani yake ateri za ukubwa wa wastani huvimba na kuota vinundu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1871, Samuel Gee wa Hospitali ya St Bartholomew's jijini London aliripoti uchunguzi wa maiti ya mvulana wa miaka saba ambaye ateri za moyo wake zilikuwa na mitutumko. Ripoti ya Gee ni fupi na haijishughulishi na chanzo. Ilibaki kuwa jambo la ajabu lililohifadhiwa, si mwanzo wa utafiti.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ripoti za namna hiyo ziliongezeka. Wanapatholojia wa Ulaya na Marekani waliwakuta watoto wachanga waliokufa ghafla wakiwa na ateri za moyo zilizovimba na kuziba. Hali hiyo ilipewa jina la poliateritisi nodosa ya watoto wachanga. Jina hilo lina maana kubwa kwa mwanahistoria, kwa sababu lilitokana na kile kilichoonekana chini ya hadubini, wala halikubeba habari yoyote ya kitandani. Aliyeutambua ugonjwa alikuwa mwanapatholojia, na aliutambua mgonjwa akiwa amekwisha kufa. Madaktari wa watoto hawakuwa na njia ya kuutambua kwa mtoto aliye hai. Kwao, mtoto yule alikuwa na homa isiyojulikana, surua isiyo ya kawaida, au homa ya skaleti iliyokataa kutii dawa.

Kwa hiyo, kabla ya mwaka 1961 kulikuwa na ateri zisizo na homa. Maswali kuhusu wiki zilizotangulia kifo hayakuulizwa kwa utaratibu, na faili la kliniki na kipande cha tishu vilihifadhiwa katika vyumba viwili tofauti.

3. Homa isiyo na ateri: Tokyo, 1961–1967

Januari 1961 mvulana wa miaka minne alilazwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu iliyopo Hiroo, Tokyo. Kawasaki aliyemhudumia hakuweza kuziweka dalili zake katika ugonjwa wowote aliokuwa akiujua, na mtoto aliporuhusiwa, ugonjwa wake uliandikwa kuwa haujulikani. Mwaka uliofuata alikuja mtoto wa pili mwenye dalili zilezile. Hapo ndipo lililokuwa ajabu moja lilipoanza kuwa mfuatano. Mwaka 1962 Kawasaki aliwasilisha wagonjwa saba mbele ya madaktari wenzake wa watoto, na mapokezi yakawa baridi.

Ubaridi huo una maelezo yake. Kila moja ya dalili alizozitaja ilikuwa na mwenyewe. Harara na ulimi mwekundu vilikuwa vya homa ya skaleti. Macho mekundu na vidonda vya midomo vilikuwa vya sindromu ya Stevens-Johnson. Tezi za shingoni zilikuwa za maambukizi ya bakteria. Kudai kwamba dalili hizo zikikutana zinaunda ugonjwa mpya kulihitaji kuonyesha kwamba kukutana kwao si kwa bahati. Kawasaki alichagua njia ya kuhesabu na kueleza. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Kijapani la mzio makala ndefu yenye wagonjwa 50, akieleza kwa undani homa, macho, midomo, harara, tezi, na hasa kubambuka kwa ngozi ya vidole.

Nguvu ya makala hiyo ndiyo iliyokuwa udhaifu wake. Kwa kuwa lengo lilikuwa kuutenga ugonjwa huu na mingine, mkazo uliwekwa juu ya kile kinachoonekana kwa macho katika siku za homa. Kilichofuata baada ya mtoto kurudi nyumbani kilikuwa nje ya upeo wake. Hitimisho kwamba ugonjwa hupona bila madhara halikutokana na uzembe. Lilitokana na mahali alipokuwa amesimama mtazamaji. Daktari wa wodi huona watoto wakipona, na wanaokufa ghafla wiki kadhaa baadaye hufikishwa kwa mtu mwingine.

4. Mvutano kuhusu moyo, 1965–1970

Mtu huyo mwingine alikuwa karibu. Mwaka 1965 mwanapatholojia Noboru Tanaka wa hospitali ileile aliichunguza maiti ya mtoto aliyekufa ghafla baada ya kutambuliwa kuwa na sindromu iliyoelezwa na Kawasaki. Alikuta damu imeganda ndani ya ateri za moyo. Kwa Tanaka, hilo lilikuwa dokezo kwamba homa ile haikuwa ya ngozi na macho tu. Kwa mujibu wa Burns na wenzake (2000), Kawasaki na madaktari wengine wa watoto hawakulikubali dokezo hilo wakati ule. Maiti moja haikutosha kuitikisa orodha ya watoto waliopona.

Ushahidi wa pili ulitoka kitandani, lakini kwa daktari mwingine. Takajiro Yamamoto wa Hospitali ya St. Luke's, Tokyo, alikuwa amemhudumia mtoto mwenye dalili hizo ambaye mapigo ya moyo wake yalionyesha kuelemewa. Badala ya kulichukua jambo hilo kuwa la mtoto mmoja, yeye na wenzake waliwapima wagonjwa wao kwa elektrokadiogramu, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Mwaka 1968 walichapisha matokeo ya watoto 23: karibu nusu yao walikuwa na kasoro katika kipimo hicho. Tofauti kati ya Yamamoto na Kawasaki haikuwa ya ukali wa macho, bali ya chombo kilichotumika. Ngozi huonekana bila chombo, moyo hauonekani.

Mvutano huu haukumalizwa kwa hoja bali kwa hesabu ya kitaifa. Mwaka 1970, kwa msaada wa Wizara ya Afya ya Japani, kamati ya utafiti iliyoongozwa na Fumio Kosaki ilifanya uchunguzi wa kwanza wa nchi nzima. Kamati iliweka vigezo vya utambuzi ili madaktari wa mikoa yote wawe wanahesabu kitu kilekile. Majibu yaliporudi yalikuwa na habari ambayo hakuna wodi moja ingeweza kuipata peke yake: watoto 10 walikuwa wamekufa ghafla kwa matatizo ya moyo baada ya kuugua, na uchunguzi wa maiti zao uliyathibitisha hayo.

Hapa pana somo la kimbinu. Kifo kimoja katika hospitali moja kinaweza kuitwa bahati mbaya. Vifo 10 vilivyotawanyika katika nchi nzima, kila kimoja kikiwa kimekwisha kuitwa bahati mbaya mahali pake, havikubali tena jina hilo vinapowekwa katika jedwali moja. Urasimu wa takwimu, ambao mara nyingi historia ya tiba huuacha pembezoni, ndio uliogeuza homa iliyodhaniwa kuwa ya kupita kuwa ugonjwa wa moyo. Tangu hapo Japani imeendelea kufanya uchunguzi wa nchi nzima kwa vipindi, na hakuna nchi nyingine yenye kumbukumbu ndefu kiasi hicho kuhusu ugonjwa huu.

5. Honolulu na kuunganishwa kwa majina mawili

Wakati hayo yakitokea Tokyo, madaktari wa Chuo Kikuu cha Hawaii walikuwa wakikutana na jambo lilelile bila kujua kwamba limekwisha kuelezwa. Kati ya mwaka 1971 na 1973 Marian Melish na Raquel Hicks waliwakusanya watoto 12 wenye homa, macho mekundu, harara na kubambuka kwa vidole. Makala za Kijapani zilikuwa hazijavuka mpaka wa lugha yake. Kawasaki na wenzake walichapisha maelezo yao kwa Kiingereza mwaka 1974 tu, katika jarida la Pediatrics, miaka saba baada ya makala ya kwanza. Kwa muda huo wote, ujuzi uliokuwepo katika lugha moja ulikuwa haupo katika nyingine.

Aliyeziba pengo hakuwa daktari wa watoto. Mwaka 1973 mwanapatholojia Eunice Larson wa Honolulu, akishauriana na Benjamin Landing wa hospitali ya watoto ya Los Angeles, aliirudia maiti iliyochunguzwa mwaka 1971 na kutambua kwamba mtoto yule alikuwa ameugua ugonjwa wa Kawasaki. Mwaka 1977 Landing na Larson walilinganisha tishu za waliokufa kwa ugonjwa wa Kawasaki na za waliokufa kwa poliateritisi nodosa ya watoto wachanga. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna njia ya kuzitofautisha.

Uzito wa kauli hiyo haukuwa wa kimaabara pekee. Ilimaanisha kwamba ateri zisizo na homa, ambazo wanapatholojia walikuwa wakiziona tangu karne ya 19, na homa isiyo na ateri, iliyoelezwa Tokyo mwaka 1967, zilikuwa nusu mbili za kitu kimoja. Mvulana wa Samuel Gee na watoto wa Hiroo waliingia katika historia moja. Swali likabadilika pia. Badala ya kuuliza ugonjwa huu mpya umetoka wapi, wanahistoria wakauliza ulikuwa umejificha wapi. Uchunguzi wa mafaili ya zamani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Tokyo uliwakuta watoto wenye dalili zinazolingana kabla ya mwaka 1961, wakiwa wameandikiwa majina mengine. Inawezekana vilevile kwamba ugonjwa ulionekana zaidi baada ya viuavijasumu kupunguza homa ya skaleti, kwani mtoto aliyebaki na homa na harara licha ya penisilini hakuweza tena kuwekwa katika fungu hilo bila maswali.

6. Kuiona ateri ya aliye hai

Hadi katikati ya miaka ya 1970 ateri za moyo zilionekana kwa watoto waliokufa tu. Jambo hilo lilibadilika mwaka 1975, pale Hisato Kato na wenzake wa Kurume walipochapisha matokeo ya angiografia, yaani picha za eksirei zinazopigwa baada ya dawa ya kuonyesha mishipa kuingizwa katika ateri. Walikuwa wamewapima watoto 20 waliokwisha kupona homa. Asilimia 60 yao walikuwa na kasoro katika ateri za moyo. Watoto hao walikuwa hai, na wengi wao hawakuwa na malalamiko yoyote.

Matokeo hayo yaliivunja kabisa maana ya zamani ya neno kupona. Ilidhihirika kwamba kuisha kwa homa na kuisha kwa ugonjwa ni mambo mawili tofauti. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, ekokadiografia, kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti bila kuchoma wala kupasua, iliwezesha ateri hizo kutazamwa mara kwa mara hata kwa mtoto mchanga. Moyo ukaingia wodini.

Kwa vyombo hivyo mwendo wa uharibifu uliweza kuelezwa. Katika ugonjwa huu mfumo wa kinga huwashwa kwa nguvu kupita kiasi na kichocheo ambacho hakijatambuliwa. Seli nyeupe za damu huuvamia ukuta wa ateri, na vimeng'enya vyake huzikata nyuzi zinazoupa ukuta huo uwezo wa kunyumbuka. Ukuta uliopoteza nyuzi zake hushindwa kuhimili msukumo wa damu, nao hututumka. Ndani ya mtutumko damu huenda polepole na kuganda; miaka inayofuata, kovu huweza kuibana njia ya damu. Ripoti ya Kato na wenzake ya mwaka 1996, iliyowafuatilia watoto 594 kwa miaka 10 hadi 21, ilionyesha kwamba 146 kati yao walipata mitutumko, na kwamba kwa 72 kati ya hao mitutumko ilisinyaa ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Mshtuko wa moyo uliwapata 11, na watano walifariki. Takwimu hizo zinatuliza na kutisha kwa pamoja: wengi hurejea katika hali njema, lakini anayebaki na mtutumko mkubwa huubeba hadi utu uzima.

7. Tiba iliyotangulia maelezo

Historia ya tiba ya ugonjwa huu ni historia ya kutenda kabla ya kuelewa. Dawa ya kwanza kuaminiwa ilikuwa aspirini. Steroidi, ambazo kwa kawaida hupunguza uvimbe unaotokana na kinga, zilikuwa chaguo la wazi, lakini mwaka 1979 Kato na wenzake waliripoti kwamba mitutumko iliwapata 11 kati ya watoto 17 waliopewa steroidi pekee, ikilinganishwa na wanne kati ya 36 waliopewa aspirini. Makundi yalikuwa madogo, lakini athari yake ilikuwa kubwa: kwa zaidi ya miongo miwili steroidi ziliogopwa.

Mwaka 1984 Kensei Furusho na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la imunoglobulini, yaani kingamwili zilizochujwa kutoka katika damu ya watu wengi waliojitolea. Tiba hiyo ilikuwa imekwisha kuonyesha manufaa mwaka 1981 kwa watoto ambao kinga yao huharibu chembe za kugandisha damu. Kasoro za ateri zilionekana kwa asilimia 15 ya watoto waliopewa imunoglobulini na aspirini, ilhali waliopewa aspirini pekee walikuwa asilimia 42. Mwaka 1986 Jane Newburger na wenzake wa Marekani waliithibitisha kwa jaribio la watoto 168: baada ya wiki mbili kasoro zilikuwa asilimia 8 dhidi ya 23, na baada ya wiki saba asilimia 4 dhidi ya 18. Mwaka 1991 jaribio lingine, lililohusisha watoto 549, lilionyesha kwamba dozi moja kubwa, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, ni bora kuliko dozi ndogo za siku nne.

Kuanzia hapo siku za homa zilipata thamani mpya. Imunoglobulini hutolewa vema ndani ya siku 10 za mwanzo, na utambuzi uliokuwa mjadala wa kitaaluma ukawa mbio dhidi ya kalenda. Hata hivyo, asilimia 10 hadi 20 ya watoto huendelea kuwa na homa baada ya dozi ya kwanza, na hao ndio walio katika hatari zaidi. Ni kwa ajili yao steroidi zilirudishwa. Jaribio la Kijapani lililochapishwa mwaka 2012, likihusisha watoto waliokadiriwa kuwa katika hatari kubwa, liliwakuta na kasoro za ateri watoto wanne katika kundi lililoongezewa prednisoloni na 28 katika kundi la imunoglobulini pekee. Hofu iliyozaliwa na makundi madogo ya mwaka 1979 ilikuwa imedumu miaka 33.

8. Ukuta wa ufafanuzi

Pamoja na maendeleo hayo, ugonjwa wa Kawasaki haujapata kipimo chake cha maabara. Utambuzi bado unategemea homa na angalau dalili nne kati ya tano kuu, yaani kizazi cha vigezo vya mwaka 1970. Vigezo hivyo viliundwa ili kuhesabu, na kwa kazi hiyo vilifaa sana. Tatizo lilianza vilipotumiwa kama mlango wa tiba. Watoto wa chini ya miezi sita mara nyingi huonyesha dalili mbili au tatu tu, na hao ndio ambao ateri zao huharibika kwa wingi zaidi. Kwa hiyo ufafanuzi uliotokana na ngozi na macho huwaacha nje baadhi ya wale ambao moyo wao unawahitaji wawe ndani. Dhana ya ugonjwa wa Kawasaki usiokamilika, iliyoingizwa katika miongozo ili kuwaokoa watoto hao, ni ushahidi wa makovu ya historia: mtoto si pungufu wa ugonjwa, orodha ndiyo iliyo pungufu.

Mwaka 2020 ukuta huo ulijaribiwa tena. Mwezi Mei madaktari wa Bergamo, Italia, waliripoti watoto 10 wenye dalili za kufanana na Kawasaki katika muda wa miezi miwili tu ya mlipuko wa UVIKO-19, ilhali miaka mitano iliyotangulia ilikuwa imeleta 19. Mwezi huohuo madaktari wa London waliripoti watoto wanane waliopatwa na mshtuko wa mzunguko wa damu pamoja na uvimbe mwilini, na sita kati yao walikuwa wenye asili ya Afrika na Karibiani. Mei 15 Shirika la Afya Duniani lilitoa ufafanuzi wa awali wa sindromu hiyo. Safari hii mambo yalikwenda kinyume na ya miaka ya 1960. Moyo ulipimwa tangu siku ya kwanza, na ripoti zilivuka mipaka kwa wiki, si kwa miaka. Kawasaki alifariki tarehe 5 Juni mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 95, wakati jina lake likitumika kote duniani kuelezea jambo ambalo hatimaye lilitenganishwa na ugonjwa wake.

9. Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba kosa la mwaka 1967 halikuwa la mtu bali la mahali pa kutazamia, na kwamba lilisahihishwa na mpangilio wa kazi zaidi ya kipaji: elektrokadiogramu ya kila mgonjwa, uchunguzi wa nchi nzima, kurudiwa kwa maiti ya zamani, na ateri iliyopigwa picha kwa mtoto aliyeonekana mzima. Katika kila hatua, mtoto aliyedhaniwa amepona alihesabiwa upya.

Somo hilo linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika eneo hili ugonjwa wa moyo wa utotoni unaofahamika zaidi kati ya ile ya baada ya kuzaliwa ni ule wa baridi yabisi, ambao nao hutokana na kinga kuugeukia moyo baada ya maambukizi ya koo, na ambao huharibu vali badala ya ateri. Katika nchi zenye kipato kikubwa Kawasaki umekwisha kuupita. Kuandikwa kwa wagonjwa wachache wa Kawasaki katika eneo hili hakuwezi kuchukuliwa peke yake kuwa ushahidi kwamba wako wachache. Wekundu wa harara hauonekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Homa yenye harara na macho mekundu huitwa surua kwanza. Ekokadiografia na imunoglobulini ni ghali, na wataalamu wa moyo wa watoto hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Masharti hayo yanafanana kwa karibu na yale ya Tokyo kabla ya mwaka 1970: dalili zina wenyewe wengine, moyo haupimwi, na kifo cha ghafla kinafika mahali ambapo faili la homa halipo.

Kwa watafiti, hatua inayofuata haihitaji mashine mpya. Inahitaji mafaili ya watoto waliolazwa kwa homa ya zaidi ya siku tano yasomwe sambamba na kumbukumbu za vifo vya ghafla na za kliniki za moyo, kama ilivyofanyika Japani mwaka 1970 na Honolulu mwaka 1973. Iwapo ateri zilizotutumka zitakutwa humo, zitakuwa zimekuwapo muda wote, zikiwa zimeandikwa kwa majina mengine.